Safari ya Kwanza ya Wenza Nchini: Njia ya Nyanda za Kati Kupitia Mtera

Na Mwandishi Wetu, Mtera

Wenza wawili wanapopanga safari yao ya kwanza Tanzania, hasa pale mmoja wao ni Mtanzania na mwenzake ni mgeni, swali la kwanza huwa ni waende wapi. Hata hivyo, swali linaloamua mafanikio ya safari ni lingine: wana siku ngapi, na katika siku hizo saa ngapi zitaishia barabarani? Nchi yenye makabila zaidi ya 120 haimalizwi kwa majuma mawili. Mgeni anayepitishwa mbio katika mikoa sita huondoka akiwa ameiona mikoa hiyo kupitia dirisha la gari.

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga safari ya siku kumi katika nyanda za kati, kutoka Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera, pamoja na taratibu ambazo wenza wanapaswa kuzikamilisha mapema.

Kwa nini nyanda za kati

Wageni wengi wa mara ya kwanza huelekezwa Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar, na maeneo hayo yanastahili sifa zake. Nyanda za kati zina sifa tofauti. Wataalamu wa isimu hulitaja eneo hili kuwa mahali pa pekee barani Afrika ambapo lugha za makundi manne makubwa hukutana: Kigogo, Kirangi na Kihehe za jamii ya Kibantu, Kiburunge na Kialagwa za jamii ya Kikushi, Kimaasai na Kidatooga za jamii ya Kinailoti, na Kisandawe, lugha yenye sauti za kidoko, inayozungumzwa zaidi Wilaya ya Chemba. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wazungumzaji hao sokoni, shuleni na ofisini.

Kwa mgeni aliyeoa au kuolewa na Mtanzania, hilo lina uzito wake. Anajionea kuwa utani na salamu alizozizoea kwa mwenzake zina chimbuko, na kwamba jirani wa kabila la pili ana desturi nyingine zinazostahili heshima ileile.

Taratibu za kukamilisha kabla ya safari

Mwenza ambaye si raia anapaswa kuomba viza kupitia tovuti rasmi ya Idara ya Uhamiaji, visa.immigration.go.tz. Kwa mataifa mengi viza ya kawaida ya matembezi hulipiwa Dola za Marekani 50, na kwa raia wa Marekani ni Dola 100. Yapo mataifa ambayo maombi yake huhitaji uchunguzi wa ziada, hivyo ni busara kuomba mapema badala ya kusubiri wiki ya safari. Waombaji wajihadhari na tovuti za watu binafsi zinazofanana na ile ya Serikali na kutoza ada kubwa zaidi.

Mtanzania aliyekwisha kuchukua uraia wa nchi nyingine akumbuke kuwa sheria ya nchi hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Anapokuja kwa pasipoti ya kigeni, naye ahakiki mapema kama anahitaji viza.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hudaiwa kwa msafiri anayetoka au aliyepitia nchi zenye maambukizi ya ugonjwa huo. Kuhusu malaria, wenza wote wawili wamwone daktari kabla ya safari. Mtanzania aliyeishi miaka mingi ughaibuni asidhani kuwa kinga yake ya utotoni bado ipo. Hulipata homa kama mgeni yeyote.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo isifungwe kwenye mizigo. Aidha, kwa mujibu wa kanuni zilizotangazwa Machi 2025, bei za bidhaa na huduma nchini hutajwa na kulipwa kwa shilingi, isipokuwa pale kanuni hizo zinaporuhusu vinginevyo.

Msimu wa kusafiri

Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili. Kuanzia Juni hadi Oktoba barabara za vumbi hupitika kwa urahisi na wanyama hukusanyika kando ya mito. Juni na Julai usiku huwa baridi, hususan Iringa, mji ulio takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Sweta si mzigo wa bure.

Mpango wa siku kumi

Siku ya kwanza na ya pili ni za Dodoma. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kutoa huduma kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imeifanya safari hiyo kuwa ya saa chache. Wageni wapumzike, kisha waone Soko la Majengo, wale ugali wa mtama au uwele kwa mlenda, na waonje zabibu, zao ambalo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Anayependa muziki aulizie ngoma za Wagogo, zikiwemo muheme inayopigwa na wanawake, pamoja na uimbaji unaosindikizwa na zeze na marimba.

Siku ya tatu na ya nne ni za Kondoa. Michoro ya miambani ya Kolo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ipo mingine iliyochorwa na wawindaji wa kale na mingine iliyochorwa baadaye na wakulima. Michoro haiguswi wala kumwagiwa maji ili ing'ae. Baadhi ya miamba bado hutumika kwa matambiko, hivyo mwongoza watalii ndiye atakayeeleza wapi pa kuingia na wakati gani. Siku ya nne jioni wenza wanarejea Dodoma.

Siku ya tano ni ya Mtera. Barabara ya Dodoma hadi Iringa, yenye urefu wa takriban kilomita 260, ilizinduliwa ikiwa na lami mwaka 2018. Hupita Fufu, Mtera, Migori na milima ya Nyang'oro, na mibuyu husimama pande zote mbili. Mtera ni kama katikati ya njia. Hapa pana bwawa lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu ili kuhifadhi maji ya kituo cha umeme cha Kidatu. Tangu mwaka 1988 Mtera yenyewe huzalisha hadi megawati 80. Wasafiri wengi huvuka ukuta wa bwawa bila kushuka. Ni vyema kusimama kwa chakula cha mchana: perege na kambale huuzwa wabichi, wa kukaanga na wakavu, na fedha hiyo hubaki moja kwa moja mikononi mwa wavuvi na mama lishe. Samaki wachanga wasinunuliwe. Maji haya yana mamba na viboko, kwa hiyo si mahali pa kuogelea. Bwawa na mitambo yake ni miundombinu inayolindwa. Asiyeomba ruhusa asipige picha.

Siku ya sita ni ya Iringa: nguzo za udongo na zana za mawe za Isimila, pamoja na makumbusho ya Kalenga, linapohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepambana na Wajerumani. Fuvu hilo lilirejeshwa nchini mwaka 1954.

Siku ya saba hadi ya tisa ni za Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yenye takriban kilomita za mraba 20,000. Kutoka Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni takriban kilomita 130. Viingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali na huhesabiwa kwa saa, hivyo saa ya kuingia ina athari kwenye gharama. Nguo za buluu na nyeusi huvuta mbung'o; rangi ya kaki inafaa zaidi. Siku ya kumi ni ya kurejea.

Mto mmoja, safari moja

Msafiri wa njia hii huukuta Ruaha Mkuu mara mbili, kwanza Mtera na kisha hifadhini. Ni mto uleule. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kwa vipindi ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, kutokana na matumizi makubwa ya maji katika bonde la Usangu. Maji yanayokosekana huko juu huathiri wanyama hifadhini, wavuvi wa Mtera na taa za miji iliyo mbali. Mgeni anayelielewa hilo ameifahamu nchi zaidi ya aliyehesabu simba.

Ukweni na mapumziko

Safari nyingi za namna hii zina siku za kutembelea wakwe. Wenza wakubaliane kabla ya kuondoka: watakaa siku ngapi, watapeleka zawadi gani, na bajeti ya ndugu ni kiasi gani. Sukari, sabuni na kanga hupokelewa vizuri popote. Kijijini, mwenyeji amjulishe mwenyekiti wa kijiji kuhusu ujio wa mgeni. Mgeni ajifunze kusema "shikamoo" kwa wakubwa, "mbukwenyi" kwa Wagogo na "kamwene" kwa Wahehe. Maneno hayo matatu hufungua milango mingi.

Jambo la mwisho husahaulika mara kwa mara. Mtanzania anayemleta mwenzake hujikuta akiwa dereva, mkalimani, mtoaji wa fedha na mtoto wa nyumbani kwa wakati mmoja, huku mwenzake akibaki peke yake sebuleni. Kuajiri dereva au mwongoza watalii mwenye leseni, hata kwa siku chache, humrudishia nafasi ya kusafiri pamoja na mwenza wake. Aidha, wasisafiri barabarani usiku, wazingatie mwendo wa kilomita 50 kwa saa vijijini, na ikitokea dharura wapige simu namba 112.

Kabla ya kulipia chochote, wasafiri wahakiki viwango na masharti yaliyopo kupitia tovuti rasmi za Idara ya Uhamiaji, Shirika la Hifadhi za Taifa na Shirika la Reli Tanzania.