Mafuta, Sabuni na Wembe: Ngozi ya Mwanamume katika Rungwe

Ikifika Juni na Julai, upepo wa baridi hushuka kutoka milimani Rungwe, na ngozi za watu hupauka. Katika Matwebe, kama katika sehemu nyingine za wilaya hiyo, mwanamke hupaka mafuta bila ya kuulizwa neno. Mwanamume akifanya vile vile huweza kutaniwa na wenzake kwamba ameacha jembe akashika kioo. Wako wanaume wanaonunua mafuta dukani na kusema kwamba wametumwa na wake zao. Mzaha huu ni mdogo, lakini nyuma yake pana dai la tarihi: kwamba wazee wetu wa kiume hawakuijali ngozi yao, na kwamba kuijali ni jambo la kigeni au la kike. Insha hii yataka kulipima dai hilo.

Kwanza yafaa tujue ngozi ni nini. Tabaka lake la juu ni ukuta wa chembe zilizokufa, na baina ya chembe hizo mna mafuta yazuiayo maji ya mwili yasitoke upesi. Mafuta hayo yakiondolewa kwa baridi kavu, kwa maji ya moto, au kwa sabuni kali, maji hupotea, ngozi hukauka, huwasha na hupasuka. Ufa huo ni mlango wa vijidudu. Mwili haumwulizi mtu kama ni mume au mke kabla ya kupasuka. Naye mkulima wa Rungwe, nchi ambayo sehemu zake nyingi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hukaa na miguu katika tope, mikono katika udongo, na uso katika moshi wa kuni. Ngozi yake ni chombo cha kazi, sawa na jembe lake.

Watu wa zamani walilijua jambo hili kwa uzoefu. Kabla ya sabuni za viwanda, watu wa Afrika Mashariki walikuwa na mafuta yao. Wa pwani walitumia nazi. Wafugaji wa bara walitumia samli na shahamu. Wakikuyu walikamua mbegu za mbarika, ambazo wengine huziita nyonyo. Wanaume walipaka kama wanawake, na pengine zaidi: kijana wa Kimaasai katika ujana wake wa vita alijipaka mafuta na udongo mwekundu, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kumwambia kwamba amekuwa mwanamke. Palipokuwa na nguo chache, ngozi ndiyo iliyokuwa vazi, nalo vazi la kila siku halina budi kutunzwa.

Kwa Unyakyusa tunao ushahidi wa usafi tangu mapema. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi hiyo mwaka 1879, alisifu nyumba nadhifu na viwanja vilivyofagiwa chini ya migomba. Baadaye Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na Monica akaandika vitabu juu ya maisha yao, cha kwanza kikitoka mwaka 1951. Vitabu hivyo vyaeleza jinsi wavulana wa rika moja walivyoacha nyumba za wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe, wakalelewa katika ukwangala, yaani raha na adabu ya kukaa pamoja. Vyaeleza pia habari za uchafu uliofikiriwa kumshika mtu kwa sababu ya mauti. Uchafu huo uliondolewa kwa taratibu ambazo ndani yake mlikuwamo kuoga katika maji ya mto na kunyoa nywele, wanaume kwa wanawake. Basi maji na wembe havikuwa mambo ya anasa. Vilikuwa njia ya kumrudisha mtu miongoni mwa wenziwe.

Ilikuwaje, basi, mwanamume akaachana na mafuta? Mabadiliko yalikuja kwa milango miwili: nguo na mshahara. Wamishonari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na pamoja na Injili na shule wakaleta desturi ya kuvaa. Baada ya dhahabu kugunduliwa Lupa mwaka 1922, vijana wengi wa Unyakyusa walikwenda kuchimba huko, na wengine walivuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Godfrey Wilson, alipotoka Unyakyusa na kuchunguza maisha ya mji wa Broken Hill, aliona kwamba nguo zilimeza sehemu kubwa ya mshahara wa mfanya kazi, na kwamba heshima ya mtu ilikuwa katika mavazi yake. Heshima ilipohamia katika shati na suruali, ngozi ilisitirika, na kilichositirika husahaulika upesi.

Ndipo sabuni ikapata nafasi. Mwanachuoni Timothy Burke, katika kitabu alichokitoa mwaka 1996 juu ya biashara ya vitu vya usafi katika Zimbabwe ya kikoloni, ameonyesha jinsi matangazo yalivyowagawa watu: sabuni ya Lifebuoy kwa wanaume, Lux kwa wanawake. Mwanamume aliuziwa nguvu ya kuondoa jasho na harufu ya kazi; mwanamke aliuziwa ulaini na uzuri. Zimbabwe si Rungwe, lakini bidhaa hizo na wafanya kazi wa migodini walizunguka katika nchi nyingi za kusini na mashariki ya Afrika. Kwa maoni yangu, hapa ndipo lilipo shina la ule mzaha wetu. Fikira kwamba mume husugua na mke hupaka haikutoka kwa wazee. Ilisaidiwa kukua na duka, nasi tukaivika kilemba cha mila.

Haki yataka tuseme pia kwamba vitu vya kigeni havikuwa hasara tupu. Funza wa miguuni aliingia Angola kutoka Marekani ya Kusini mwaka 1872, pamoja na mchanga wa farumi wa meli, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amekata bara zima hadi Zanzibar. Viatu, maji na sabuni vimeokoa vidole vingi. Mwaka huo huo wa 1872 Robert Chesebrough alipata hataza ya Vaseline huko Marekani. Na mafuta hayo ya mgando, yasiyo na harufu wala fahari, yangali mojawapo ya kinga bora za ngozi kavu. Kosa halikuwa kupokea sabuni. Kosa lilikuwa kupokea nusu ya utunzaji na kuiacha nusu ya pili.

Madhara ya nusu hiyo yaonekana. Mwanamume hujisugua kwa sabuni ya kufulia, kisha hatii mafuta. Hunyoa ndevu kwa wembe butu akienda kinyume cha nywele, na nywele zilizojikunja hurudi ndani ya ngozi na kuzaa vipele. Huazima wembe wa mwenziwe, na wembe huchukua damu. Mwingine, akiona makovu ya vipele hivyo, hukimbilia sabuni na krimu za kuchubua, ambazo baadhi yake huwa na zebaki, sumu inayoharibu figo. Naye ndugu yetu mwenye ualbino, ambaye jua la Tanzania ni adui yake wa kila siku, akiambiwa kwamba kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni mapambo, mzaha huo waweza kumfikisha kwenye saratani.

Utunzaji wenyewe si mgumu wala si ghali. Mtu aoge kwa maji yasiyo ya moto mno na sabuni isiyo kali. Apake mafuta mwili ungali na unyevu. Anyoe kwa wembe wake mwenyewe, mkali na safi, akifuata ulalo wa ndevu. Akaushe miguu baina ya vidole baada ya tope. Na kidonda kisichopona akipeleke kwa mganga wa hospitali mapema.

Wahenga walisema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo yamkanya mwenye kujipamba ili adanganye, wala haimkanyi mwenye kujitunza ili afanye kazi na akae na wenziwe bila ya karaha. Mwanamume wa Matwebe akirudi shambani jioni, akaoga na kupaka mafuta mikono iliyopasuka, haigi wanawake wala wageni. Anaendeleza jambo ambalo wanaume wa nchi hizi walilifanya kabla ya kuja duka.