Dar es Salaam na Kariakoo Vitabuni

Anayetaka kuijua Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, jinsi ilivyokuwa kabla ya uhuru, aanze na *A Survey of Dar es Salaam* cha J.A.K. Leslie, kilichotoka mwaka 1963. Leslie alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, na jicho lake ni la mtawala. Hata hivyo, nyumba ya Kiswahili imo humo kwa undani: vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, mwenye nyumba na wapangaji chini ya paa moja. Kitabu hiki kinamfaa mtafiti mvumilivu.

Mwenye hamu ya siasa atafaidi zaidi kitabu cha Mohamed Said kuhusu mwanasiasa Abdulwahid Sykes (1998), kinachodai nafasi ya wazee wa mjini katika historia ya TANU, chama kilichopigania uhuru. Kina ubishi, na ndiyo raha yake. Wanafunzi wa chuo wana mkusanyo wa makala za historia ya jiji uliohaririwa na Brennan, Burton na Lawi, uliochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2007.

Kwa wapenda hadithi kuna *Uhuru Street* ya M.G. Vassanji, kwa Kiingereza, kuhusu familia za Kihindi mjini. *Dar es Salaam Usiku* ya Ben Mtobwa ni ya watu wazima.