Himeji si kasri, ni ngome

NILIABIRI garimoshi asubuhi mjini Osaka kuelekea Himeji. Si lile la kasi la Shinkansen, bali lile la wachumia juani, ambalo huchukua takriban saa nzima. Ukitoka tu stesheni, unaliona jengo jeupe pepepe mwisho wa barabara.

"Kasri hilo!" akamaka mwandani wangu.

"Ngoja tuingie kwanza, ndugu yangu," nikamjibu.

Kasri ni makao ya mfalme, penye starehe zake. Ngome ni kinga ya vita. Tunapotafsiri, aghalabu tunayachanganya maneno haya, na tukikosea neno tunakosea historia.

Njia ya kuufikia mnara wa Himeji hupindapinda. Unadhani umefika, kumbe unazungushwa! Kutani mna matundu: marefu ya kufumia mishale, na ya duara au pembetatu ya kupenyezea mitutu ya bunduki. Bunduki hizo zilifika Japani mwaka wa 1543 kupitia kwa Wareno, hao hao walioanza kujenga Fort Jesus, Mombasa, mnamo 1593. Na Fort Jesus, nani huiita kasri?

Mnara huu ulikamilika mwaka wa 1609, enzi ya bwana Ikeda Terumasa. Hata lipu yake nyeupe haikuwa urembo tu, ilizuia moto. Ndani tulivua viatu, tukapanda ngazi zilizosimama wima. Hamna vyumba vya fahari. Ni mbao tupu na vitundikio vya silaha. Mabwana wenyewe waliishi chini, katika nyumba nyingine.

Ajabu ni kuwa hatari kubwa ilikuja wakati wa amani. Mwaka wa 1873 serikali ya Meiji iliamuru ngome nyingi ziondolewe. Mnamo 1878 afisa wa jeshi, Nakamura Shigeto, aliandika kuomba Himeji ihifadhiwe. Akasikilizwa. Julai 1945 mji uliteketezwa kwa mabomu, mnara ukasalimika. Mnara wa Osaka, tuliouona jioni tuliporejea, ni wa saruji, wa mwaka wa 1931.

Kwa hivyo mbao nilizozikanyaga Himeji zipo kwa sababu mtu mmoja alijua alichokitetea, akakiandikia hoja.

Garimoshini mwenzangu alimpigia mkewe simu. "Leo tumezuru ngome," akasema. Nikanyamaza, nikatabasamu.