Kadi Ikiibiwa, Nani Alipe?

Wadau, leo tuongelee kadi za benki. Sio namna ya kuzificha, hilo mmeshaambiwa vya kutosha. Mtu akiibiwa kwa kadi, au mwingine akijifanya ni yeye, kuna swali linalotangulia hata la kumtafuta mwizi: hasara ni ya nani? Jibu lake halikushuka kutoka mbinguni. Watu wamelipigania miaka mingi, na kuna walikoshinda mapema na walikochelewa.

Tuanzie Fresno, California. Septemba 1958 Bank of America ilituma kwa posta kadi 60,000 kwa wakazi wa mji ule. Hakuna aliyeziomba. Unafungua bahasha, unakuta kadi yenye jina lako, na dukani unaweza kukopa mpaka dola 300 au 500. Aliyebuni mpango huo, Joseph Williams, alikadiria kwamba watakaochelewesha malipo hawatazidi asilimia 4. Kadi zilipoenea California nzima wakafika 22! Wezi nao hawakulala. Kadi zilikwapuliwa kwenye masanduku ya barua kabla wenyewe hawajajua kama zipo. Benki ilitangaza hasara ya dola milioni 8.8, na Williams akaachia ngazi mwishoni mwa 1959.

Ungedhani mabenki yamekoma. Wapi! Mwaka 1966, kuelekea Krismasi, mabenki ya Chicago yakarudia mchezo ule ule, safari hii kwa mamilioni ya kadi. Nyingine zilitumwa kwa watoto, nyingine kwa marehemu. Sasa fikiria unadaiwa vitu usivyonunua, kwa kadi usiyoomba na ambayo hujawahi hata kuishika. Kelele zikafika bungeni Washington, na mwaka 1970 ikatoka sheria: marufuku kumtumia mtu kadi ya mkopo asiyoiomba, na kadi ikiibiwa, mzigo wa mwenye kadi usizidi dola 50. Kinachobaki sio chake.

Kwa maoni yangu dola 50 zile zimewalinda watu kuliko matangazo yote ya "linda kadi yako". Anayebeba hasara ndiye anayekwenda kununua kufuli.

Kisha zikaja mashine za kutolea fedha. New York, mwaka 1980, mama mmoja aliishtaki Citibank kwa dola 800 zilizotoka kwenye akaunti yake. Benki ikaleta karatasi za kompyuta: kadi ni yako, namba ya siri ni yako, basi ni wewe. Mama akaleta barua ya mwajiri wake kwamba saa zile alikuwa kazini. Mahakama ikaona haiwezi kuiamini mashine tu na kumpuuza binadamu. Akashinda.

Uingereza mambo yalikuwa kinyume. Kulikuwa na askari polisi mmoja karibu na Cambridge ambaye mwaka 1992 alirudi likizo akakuta fedha zimetolewa mara sita kwenye akaunti yake, jumla pauni 460. Akalalamika. Waliomtunzia fedha wakasema mfumo wao haukosei, kwa hiyo anayedanganya ni yeye. Mlalamikaji akageuzwa mshtakiwa, na mwaka 1994 akapatikana na hatia ya kujaribu kujipatia fedha kwa udanganyifu. Polisi huyo! Alisafishwa mwaka 1996 kwenye rufaa, baada ya wenye mfumo kukataa usikaguliwe na wataalamu wa upande wake, na jaji naye akaukataa ushahidi wa kompyuta yao.

Mmoja wa waliomsaidia alikuwa Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyefariki mwaka 2024. Hoja yake ilikuwa rahisi: mabenki ya Marekani, yaliyolazimika kubeba hasara, yalikuwa makini zaidi, ya Uingereza yalibweteka kwa sababu mteja ndiye aliyelia.

Februari 14, 2006, wenye kadi za chipu Uingereza walitakiwa waanze kubonyeza namba ya siri dukani badala ya kusaini. Wizi wa kadi za bandia madukani ulipata pigo kweli. Lakini wateja wengi walioibiwa wakaanza kuambiwa: namba yako ya siri imetumika, basi umezembea. (Sisi wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunalijua swali hilo. Ukilalamika tu unaulizwa ulimpa nani namba ya siri.) Kanuni zilizoanza Novemba 2009 zikasema kumbukumbu ya mashine peke yake si lazima itoshe kuwa ushahidi. Miezi michache baadaye, mwaka 2010, Anderson na wenzake wakaonyesha kwamba kadi iliyoibiwa, ikiunganishwa na kifaa walichokitengeneza, inakubaliwa dukani kwa namba yoyote ile utakayobonyeza.

Desemba mwaka huo huo chama cha watoa kadi wa Uingereza kikakiandikia chuo barua, kikitaka tasnifu ya mwanafunzi mmoja kuhusu jambo hilo iondolewe kwenye intaneti. Anderson akawajibu kwamba hiki ni chuo cha Erasmus, Newton na Darwin, na hakifuti maandishi kwa kuwa yamewaudhi wakubwa. Tasnifu haikuondolewa. Aliipa hata namba rasmi ya machapisho ya chuo, ili iwe rahisi zaidi kuipata.