Uvimbe wa Taya na Nchi za Juu

Neno saratani tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni kaa. Wagiriki na Warumi nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la mnyama huyo huyo. Lakini iko saratani moja ya watoto ambayo siri yake ilianza kufunuliwa kwa kuitazama nchi inamokaa na nchi inamokosekana. Ndiyo maana historia yake yawahusu hata watu wa nyanda za juu, kama Njombe na Makambako.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dk. Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya zote, za juu na za chini, kulia na kushoto. Punde si punde Burkitt akamwona mwingine huko Jinja, naye ana uvimbe tumboni pia. Akapekua madaftari ya hospitali, akatambua kwamba maradhi yaliyoandikwa kwa majina mbalimbali yalikuwa ugonjwa mmoja. Habari zake alizitangaza mwaka 1958.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari toka Kampala hadi Afrika ya Kusini na kurudi, mwendo wa maili 10,000 hivi, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Walikuwa wakiuliza kama mtoto wa namna hiyo amepata kuonekana. Yafaa tufahamu kwamba jibu la "hatujamwona" lilikuwa na uzito sawa na la "tumemwona", maana bila hilo la kwanza mpaka wa ugonjwa usingaliweza kuchorwa.

Karibu na Ikweta mpaka huo ulikuwa kama futi 5,000, na kadiri walivyokwenda kusini ulizidi kushuka. Mji wa Njombe uko juu ya futi 6,000. Lakini mtu akiteremka Ludewa, akaipita milima ya Liganga yenye chuma, atafika ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake hautimii futi 1,600. Basi mkoa mmoja una nchi za namna zote mbili. Hata hivyo urefu wa nchi si chanzo cha maradhi. Unguja na Pemba ziko chini kabisa, na uvimbe huo ulikuwa nadra huko. Ilielekea kwamba joto na mvua ndivyo vilivyotenda kazi, kwa kuwa hulea mbu wa malaria, na malaria ilikuwa imedhibitiwa visiwani.

Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona kirusi katika chembe za uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda. Kumbe kirusi hicho kimeenea duniani kote, wala peke yake hakitoshi kuleta uvimbe. Huko Mara Kaskazini, kuanzia 1977 hadi 1982, watoto walipewa klorokwini. Ugonjwa ulipungua, ila ulikuwa umekwisha kuanza kupungua kabla, hata ushahidi haukukamilika. Mwaka 1972 ilionekana pia alama katika kromosomu ya 14 ya chembe za uvimbe.

Uvimbe huu hukua upesi mno, lakini pia huyeyuka upesi kwa dawa; Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya tiba hiyo. Kwa wasioweza kupona iko tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa maumivu, ambayo Dk. Anne Merriman aliianzishia kituo Kampala mwaka 1993 kwa kutumia mofini ya kunywa.

Elimu yote hiyo iliegemea madaftari ya waandishi na wauguzi wasiotajwa vitabuni. Mtoto asiyeandikwa hospitalini hukosa dawa na faraja, na ramani nayo hupotoka: nchi huonekana salama, kumbe haikuhesabiwa.