Kibarua, Kipande, Nyota Tano

Neno kibarua lilianza kama karatasi. Barua ndogo, basi. Huko Unguja na Mombasa karne ya 19, mtu wa kazi ya siku alipewa kijikaratasi cha kuonyesha amefanya kazi, akilipwa kwacho. Wengi walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya hela iliishia kwa bwana. Jina la karatasi likamganda aliyeibeba.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ni ya 1915, lakini ilianza kuuma vita vilipoisha. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitembea na karatasi ndani ya kikopo cha bati, mara nyingi shingoni: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuandikwa na ya kutoka. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, kwingine huandikwi. Brooke Bond na James Finlay walipoanza mashamba ya chai Kericho miaka ya 1920, hiyo ndiyo ilikuwa CV. Harry Thuku alipinga kipande na kodi, akakamatwa Machi 1922. Mambo hayo yaliendelea hadi 1947.

Sasa wewe uko Siongiroi, Bomet, na laptopu ya mitumba na bando ya wiki. Unajua JavaScript. Unatafuta kazi za nje, na huko hakuna anayeuliza digrii (sisi tulioacha chuo tunashukuru). Wanauliza nyota. Lakini bila kazi hupati nyota, na bila nyota hupati kazi. Zikikuja, zinakaa kwa tovuti, si kwako; akaunti ikifungwa, historia yako imeenda nayo. Upwork kuanzia 2016 ilikata asilimia 20 ya dola 500 za kwanza kwa kila mteja, kisha 2023 ikashuka hadi 10. Silinganishi utumwa na gigi, tuelewane. Nauliza tu karatasi anaishika nani.

Kuna njia nyingine, na imeshapitwa. Nyaya za intaneti za baharini zilifika Mombasa 2009. Mwaka uliofuata iHub ikafunguliwa Ngong Road, na iCow ya Su Kahumbu ikashinda Apps4Africa: huduma ya mwenye ng'ombe, kwa simu ya kawaida kabisa. 2017 Safaricom ikatoa Daraja, na msanidi wa kujitegemea akapata njia rahisi zaidi ya kuunganisha programu yake na M-Pesa.

Siongiroi nayo, licha ya sifa ya chai ya majirani, ni maziwa. Wakulima wana kiwanda chao cha kupozea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na maziwa yakipimwa kuna hesabu: kilo za asubuhi, dawa na chakula cha ng'ombe kilichochukuliwa kwa mkopo, makato, malipo ya mwezi. Popote hesabu hiyo bado iko kwa kitabu, kazi ya koda iko hapo. Mama apate meseji ya kilo zake kabla hajafika nyumbani.

Pesa yenyewe ni kidogo na inachelewa, na kamati itakuitia mikutano mitatu kabla ya kukubali. Lakini ukienda Sigor au Longisa kutafuta mteja wa pili, huko watampigia mwenyekiti simu. Atajibu kwa Kipsigis, sentensi mbili hivi, kwamba meseji za huyo kijana hufika.