Dawa ya Wiki Sita, Ugonjwa wa Miaka Arobaini

Mwaka 1876, jijini London, mgonjwa mmoja wa ngozi alipakwa unga wa rangi ya kahawia kwa kudhaniwa ana choa. Dawa hiyo iliitwa unga wa Goa, kwa sababu ilipatikana India kupitia koloni la Wareno, ila mti unaoitoa, araroba, ni wa Bahia nchini Brazili. Wareno ndio walioivusha bahari, na huko Asia ikajipatia sifa ya kumaliza choa. Kumbe mgonjwa yule hakuwa na choa. Alikuwa na soriasisi, na mabaka yake mekundu yenye magamba meupe yakaanza kufifia. Daktari Balmanno Squire hakuipuuza bahati hiyo; aliichunguza dawa, akaitangaza kwa wenzake, na kiini chake, krisarobini, kikaingia katika maduka ya dawa ya Ulaya. Ilikuwa dawa kali. Ilichoma ngozi nzima iliyo jirani na baka, ikatia nguo na shuka madoa yasiyotoka, na ikigusa jicho ni balaa. Lakini baka lilikwenda.

Karibu kila dawa kubwa ya soriasisi imepatikana namna hiyo, na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Na karibu kila moja ilisifiwa kwa yale iliyoyafanya katika wiki sita za kwanza, halafu deni lake likadaiwa miaka kumi au ishirini baadaye. Ugonjwa wenyewe hauna haraka. Humwanza mtu mara nyingi akiwa kijana, ukakaa naye hadi uzeeni, ukipungua na kurudi upendavyo. Ngozi ya kawaida hujibadilisha kwa mwezi mmoja hivi. Kwenye baka la soriasisi kazi hiyo hufanyika kwa siku 3 hadi 5, seli changa zikisukumana juu kabla hazijakomaa, ndiyo maana ya yale magamba. Hauambukizi. Hata kupeana mkono, kulala kitanda kimoja au kuchangia taulo hakuuhamishi.

Watu hawakulijua hilo kwa muda mrefu sana, na wengine hadi leo hawalijui. Kwa karne nyingi wenye soriasisi walichanganywa na wenye ukoma, wakatengwa pamoja nao. Robert Willan wa London aliueleza ugonjwa huu kwa makini katika kitabu chake cha 1808, na bado akauita kwa jina lenye ukoma ndani yake. Ilibidi kungoja hadi 1841, huko Vienna, ndipo Ferdinand von Hebra alipoutenga kabisa na ukoma. Kwa hiyo utabibu umejua kutofautisha magonjwa haya mawili kwa muda usiofika karne mbili, na sioni ajabu kwamba jirani wa mgonjwa bado husogeza kiti.

Wakati Hebra anaandika hayo, dawa iliyotamba ilikuwa aseniki. Thomas Fowler, tabibu wa Stafford nchini Uingereza, aliitengeneza kama maji ya kunywa kwa matone mwaka 1786, akiilenga homa za vipindi. Aliitia lavenda ili mtu asije akaidhania maji ya kawaida. Baadaye madaktari wa ngozi waliichukua, na ukweli usemwe, mabaka mengi yalisafika. Mgonjwa aliambiwa aendelee kunywa, miezi ikawa miaka. Kisha viganja na nyayo vikaota vigaga vigumu kama punje za mchele mkavu. Mnamo 1887 Jonathan Hutchinson, bingwa wa magonjwa ya ngozi jijini London, aliwaeleza wenzake kuhusu wagonjwa wa soriasisi walioota saratani kwenye vigaga hivyo baada ya kunywa aseniki kwa muda mrefu. Lililonishangaza zaidi ni kwamba dawa haikuachwa. Iliendelea kuandikwa na madaktari hadi katikati ya karne ya 20, kwa sababu daktari aliyeona ngozi ikisafika mwezi wa pili mara nyingi siye aliyeiona saratani mwaka wa ishirini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za biashara, Wajerumani walikosa araroba ya Brazili. Wakemia wa kampuni ya Bayer wakatengeneza maabarani mfano wa krisarobini, ambao leo unajulikana kama dithranoli, na mwaka 1916 madaktari Galewsky na Unna wakaripoti kuwa inafaa. Wamarekani walishika njia nyingine. Mwaka 1925, katika Mayo Clinic huko Minnesota, William Goeckerman aliwapaka wagonjwa lami ya makaa ya mawe kisha akawaweka chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno. John Ingram wa Leeds akaunganisha yote mwaka 1953: kuoga maji yenye lami, kuota mionzi, kupakwa dithranoli na kufungwa bandeji, kila siku, kwa wiki kadhaa. Kati ya tiba zote za zamani, hizi ndizo zilizokuwa na staha. Zilinuka na zilichafua, mtu akalazwa wodini akiwaacha watoto na kazi, lakini akitoka alikuwa safi, na aghalabu alipata miezi kadhaa ya nafuu bila dawa yoyote. Kilichoziua ni gharama ya kitanda cha hospitali, na malai yaliyokuja baadaye ambayo mtu angeweza kujipaka nyumbani.

Malai hayo yalikuwa ya steroidi. Ya kwanza, ya mwaka 1952, hayakufua dafu mbele ya soriasisi; yale makali yaliyofuata katika miaka ya 1960 na 1970 yaliisafisha ndani ya siku chache. Lakini ngozi iliyopakwa mfululizo hunyauka, huchanika, huonyesha mishipa, na baka huja kurudi kwa hasira kuliko mwanzo. Vidonge vya steroidi ni hatari zaidi, kwani mgonjwa akiviacha ghafla anaweza kuvimba mwili mzima na kutoka malengelenge ya usaha. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayajua malai haya kwa sura nyingine. Ndiyo hayo hayo yanayouzwa bila cheti na kutiwa kwenye mikorogo ya kung'arisha ngozi.

Bahati nasibu nyingine ilitokea New York. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alikuwa ameonyesha kwamba aminopterini, dawa inayozuia kazi ya vitamini ya foliki, inaweza kuirudisha nyuma saratani ya damu kwa watoto, japo kwa muda. Richard Gubner akaijaribu kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Baadhi yao walikuwa na soriasisi pia, na ngozi zao zikasafika. Aliripoti hilo mwaka 1951. Ndugu yake aminopterini, methotrekseti, ikachukua nafasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Marekani ikaidhinisha itumike kwa soriasisi kali.

Safari hii kulikuwa na jambo jipya: deni lilitafutwa mapema. Madaktari walijua kuwa dawa hii inaweza kulitia ini makovu, wakawa wanachukua vipande vya ini la mgonjwa kwa sindano na kuvichunguza kila alipofikisha kiasi fulani cha dawa. Lilikuwa jambo la kuogofya kwa mtu ambaye shida yake ni ngozi, lakini kwa njia hiyo walijifunza nani yuko hatarini zaidi: mnywaji wa pombe, mnene, mwenye kisukari. Walijifunza pia kuwa dawa inywewe mara moja tu kwa wiki. Anayeimeza kila siku kwa kukosea anaweza kufa. Methotrekseti ni rahisi kwa bei, imedumu, na nadhani haijapewa heshima inayostahili kwa sababu hakuna kampuni inayopata utajiri kwa kuisifu.

Mionzi ilirudi kwa njia ya Misri. Kwenye Bonde la Mto Nile humea mmea ambao mbegu zake zimetumika tangu zamani kutibu mbalanga, na katika miaka ya 1940 daktari El Mofty wa Cairo alitumia kiini chake, soraleni, pamoja na jua. Mwaka 1974 madaktari wa Boston, John Parrish na Thomas Fitzpatrick pamoja na wenzao, waliwapa wagonjwa wa soriasisi kidonge cha soraleni kisha wakawasimamisha kwenye kabati la taa. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Jambo la maana zaidi lilifanywa na Robert Stern, aliyewafuatilia wagonjwa 1,380 wa vituo 16 vya Marekani walioanza tiba hiyo katikati ya miaka ya 1970. Saratani za ngozi zilianza kuonekana ndani ya miaka michache. Melanoma, iliyo mbaya kuliko zote, ilijitokeza wazi katika ripoti ya 1997, hasa kwa waliopigwa mionzi mara 250 au zaidi. Laiti ufuatiliaji ungekoma mwaka wa kumi, ingeandikwa kuwa melanoma haihusiki. Kliniki nyingi sasa hutumia taa za mionzi ya wimbi jembamba, nanomita 311, zilizoanza kusifiwa mwaka 1988 na zisizohitaji kidonge.

Hadi hapo wengi waliamini kosa liko kwenye seli za ngozi. Mwaka 1979 wagonjwa waliopewa saiklosporini, dawa inayozuia mwili usikatae figo ya kupandikizwa, walisafika soriasisi. Ikawa dhahiri kwamba kinga ya mwili ndiyo inayoichochea ngozi. Saiklosporini yenyewe huharibu figo ikitumika kwa miaka, ila ilionyesha mahali pa kulenga. Dawa za sindano za kibiolojia zilianza kuidhinishwa kwa soriasisi Marekani mwaka 2003. Moja ya zile za mwanzo, efalizumabu, iliondolewa sokoni mwaka 2009 baada ya wagonjwa wachache kupata maambukizi ya ubongo yanayoua. Zilizofuata zililenga kwa usahihi zaidi, na zile zinazozuia protini iitwayo interlukini 23 huwaacha wagonjwa wengi na ngozi safi au karibu safi, kwa sindano moja kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Katika Afrika Mashariki bei ya sindano hizo huwashinda wengi. Tangu 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimewafundisha madaktari na maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, na katika hospitali wanazorudi, silaha huwa ni asidi ya salisili, lami, steroidi za kupaka na methotrekseti. Kabla ya dawa yoyote inayodhoofisha kinga, mgonjwa hupimwa kifua kikuu, VVU na homa ya ini. Baadhi ya sindano za kibiolojia huweza kukiamsha kifua kikuu kilicholala, na huku kwetu kimelala ndani ya watu wengi.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio lililoutambua ugonjwa huu kuwa sugu, wa maumivu, na usio na tiba ya kuumaliza. Wagonjwa walijua zamani kuwa baka likirudi hurudi pale pale lilipokuwa. Sababu yake sasa inafahamika: seli za kinga zenye kumbukumbu hubaki ndani ya ngozi iliyopona, zikingoja. Utafiti uliofanywa Ujerumani na Ufaransa uliwachukua watu waliosafika kabisa kwa guselkumabu, mojawapo ya sindano za interlukini 23, ukawagawa. Wengine wakaendelea kuchomwa kila wiki 8, wengine kila wiki 16. Waliochomwa mara chache hawakuachwa nyuma. Waliofikia hatua hiyo ya kusafika kabisa walikuwa wengi zaidi kati ya wale walioanza tiba kabla ugonjwa haujatimiza miaka 2. Sindano nusu ni bili nusu.